Manyoya Ndani ya Dashibodi

Makongeni,
Thika.
18 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Mourine,

Pokea salamu zangu kutoka Thika. Unaendeleaje huko Doha? Mgongo umepata nafuu, au yule bibi unayemtunza bado anataka kuinuliwa kila saa? Sisi hapa tu wazima. Mvua imetunyeshea vizuri, sukuma wiki za mke wangu Warigia zimenawiri nyuma ya nyumba, na kiwandani bado wananiweka shifti ya asubuhi.

Naona nimekujulia hali kwa kirefu kwa sababu naogopa kufika kwenye habari yenyewe. Basi ni hii: Kiama hakuiba chochote kwenye gari lako. Mimi ndiye niliyekudanganya, na nina aibu kubwa kuliko ninavyoweza kuandika.

Uliponiachia ile Toyota ulinipa maagizo mepesi: niiwashe mara kwa mara na nimpeleke Warigia kanisani, basi. Nimekuwa nikikuambia kwamba ndivyo ninavyofanya. Ukweli ni kwamba kwa miaka miwili, kila Jumamosi, nimebeba kuku kwa gari lako. Nanunua kuku wa kienyeji vijijini ng'ambo ya Juja na kuwapeleka kwenye hoteli za Ruiru. Kreti nilizipanga kwenye kiti cha nyuma, na wakizidi niliweka moja mbele, pale unapopenda kukaa. Jioni nilisugua viti kwa sabuni na kupulizia manukato, nikajiona mjanja wa Thika nzima.

AC sikuwahi kuiwasha. Unajua sisi wa huku tunavyoamini kwamba inakunywa mafuta, tena mwezi wa Julai nani anatafuta baridi? Ndipo ukaandika kwamba unakuja Desemba na kwamba jua la Thika sasa hulitaki, wewe uliyezoea kulala na baridi ya mashine. Ukasema nilipeleke gari kwa Kiama, fundi wa AC kule Ruiru, ili uonje kazi ya mikono ya kijana anayetaka kumwoa Mitchell wako. Ulisema mkwe hujulikana kwa kazi yake. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka.

Kiama hakukimbilia kujaza gesi kama wanavyofanya wengine. Aliwasha AC akasikiliza kwanza. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, na pale kwenye shingo ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, povu likaanza kutoa mapovu madogo madogo. Alinieleza kwamba mpira wa pale umekauka kwa kukaa bila kutumika, na kwamba AC hutaka kuwashwa angalau mara moja kwa wiki hata wakati wa baridi. Akaifungua kompresa, akaiweka juu ya meza ili abadilishe ule mpira.

Lakini hakutulia. Alisema feni inanguruma na hewa inayotoka ni ya mgonjwa, kwa hiyo kuna kitu kimeziba. Akafungua chini ya dashibodi, upande wa abiria, akaingiza mkono mpaka kwenye kile kipande kinachopoza hewa. Alitoa konzi ya manyoya. Mengine meupe, mengine ya kahawia, yameshikana na pumba na unyevu. Akaingiza mkono tena, akatoa konzi nyingine.

Alinitazama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Uncle, hii tutaosha tu. Mama si lazima ajue."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilishikwa na hofu. Niliwaza: huyu amejua siri yangu, na sasa ataingia nyumbani kwa dada yangu kama mkwe, na siku moja ataitoa. Alipokwenda bombani kuosha kile kipande, nilipiga picha ya pale palipokuwa na kompresa, pakiwa patupu, nikakutumia. Maneno niliyoandika unayakumbuka. Nilisema kijana unayetaka kumpa mtoto wako ameuza kompresa yako.

Saa kumi aliirudisha kompresa ileile, akajaza gesi. Nilirudi Thika na baridi nzuri, hata Jumapili nikimpeleka Warigia kanisani akaniomba sweta. Jibu lako lilinikuta bado niko njiani kutoka Ruiru: mwizi hatakanyaga kwako, na ayie, ile siku ya kuja kuomba ridhaa ya mama, haipo tena. Nilisoma, nikairudisha simu mfukoni.

Mzee Bedan, babake Kiama, alikuwa ameshawaalika ndugu zake waje kukuomba ridhaa tarehe ishirini Desemba. Ilibidi awaambie kwamba wamekataliwa, bila kujua kwa nini. Mitchell naye alikuja kwangu kutoka Juja, macho yamevimba, akaniomba nizungumze nawe kwa sababu mimi ndiye unayenisikiliza. Nilimmiminia chai, nikamwambia uamuzi wa mama huheshimiwa. Alipoondoka nilikula chakula changu chote.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu hakuna aliyekuwa anaikata, na pengine ningekuwa bado naitembea. Lakini Jumamosi iliyopita Kiama alikuja hapa Makongeni na sanduku lake la vifaa. Alisema aliahidi kurudi baada ya wiki mbili kupima kama gesi inavuja. Akapaka povu lake, akangoja, hakuna kilichovuja. Nilikuwa nimemshikia boneti. Nikamuuliza kwa nini, baada ya Mitchell kumweleza anavyoshutumiwa, hajakupigia simu akueleze habari ya manyoya, ajisafishe jina.

Akafuta mikono. "Uncle, wewe ndio utasimama hapo kama baba ya Mitchell. Nikikuanika leo, kesho nitakusalimia na uso gani?"

Alifunga vifaa vyake, akakataa chai, akaenda zake. Mourine, nimewahi kutukanwa kiwandani mbele ya watu na sikuumia hivyo.

Jumapili baada ya ibada niliwaita yeye na Mitchell, nikawaambia yote kwa mdomo wangu. Kiama alitazama chini. Mitchell aliniuliza jambo moja tu: siku ile ya chai, nilikuwa najua? Nikamwambia ndiyo, nilijua.

Nakuomba uirudishe siku ya ayie. Mpigie Mzee Bedan wewe mwenyewe, maana neno langu halina uzito tena. Mchague ndugu yetu Calvince asimame mahali pa baba. Mimi sistahili, na usinionee huruma kwa hilo. Ufunguo wa gari nimeshampa Calvince. Kuku nimeacha. Nikasirikie kadiri unavyotaka, lakini usimkasirikie tena yule kijana.

Simu nimeiogopa, kwa sababu najijua: kwenye simu ningetafuta maneno ya kulainisha. Barua hii anakuletea Mwongeli, jirani yetu, anayesafiri Alhamisi kuja kuanza kazi huko. Hajui kilichomo.

Msalimie Kui unayeishi naye. Calvince na wanawe wanakusalimu. Warigia anakusalimu pia, ingawa mimi siku hizi ananijibu kwa neno moja moja. Mungu akupe nguvu za mgongo na akurudishe kwetu salama.

Mitchell nilimuuliza kama ana salamu zozote niziandike hapa. Amesema hana za kupitia kwangu. Atakusalimia mwenyewe siku utakapompigia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda ingawa nimekukosea,

Dalmas