Amri Iliyochelewa Kufika

Jumatano. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mji mzima umekuwa rangi ya udongo, na mimi nina hasira kiasi kwamba nimemjibu vibaya hata muuza maandazi wa pale getini, mtu ambaye hajawahi kunikosea.

Naandika kwa sababu nikinyamaza sitalala.

Kwa msiojua kazi yangu: nashughulika na kompyuta katika mradi wa maji unaohudumia mitaa kadhaa ya pembezoni hapa Dodoma. Ofisi iko mjini. Pampu kubwa iko kituoni, mbele kidogo ya Zuzu, na inaendeshwa na kompyuta kuukuu iliyofungwa nikiwa bado shule ya msingi. Haina picha wala kipanya. Ukitaka kuiagiza kitu kutoka ofisini unafungua dirisha jeusi kwenye laptop, unaandika amri herufi kwa herufi, unabonyeza Enta, unasubiri. Ukikosea, kitufe cha kufuta hakifuti, kinakuletea alama za ajabu ajabu. Unaanza upya.

Laptop yangu haitaki hata kuongea nayo. Inasema usalama wa mashine hiyo umepitwa na wakati, na kwa kweli inasema kweli. Kwa hiyo inabidi niingie kwanza kwenye kompyuta nyingine ya zamani iliyoko chini ya meza ya mhasibu, halafu kutoka hapo ndipo niingie kituoni. Kila bajeti naomba mtambo ubadilishwe. Kila bajeti naambiwa mbona bado unafanya kazi.

Leo asubuhi pampu ilizimika yenyewe. Haukupita muda simu zikaanza. Huku Kizota mabomba makavu, kule zahanati wanachota maji kwa ndoo kwa majirani wenye matangi, na kuna kina mama waliojifungua ambao hawajaoga. Hilo la zahanati liliniuma. Nilijifungulia mwanangu wa kwanza mahali pasipo na maji, najua.

Bosi wangu, Bwana Kessy, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Upendo, iwashe tu kutoka hapa hapa. Gari limetoka na wageni."

Nikampigia Ndahani, fundi wetu wa pampu kule kituoni. Hakupokea. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Bosi anaangalia saa, anakohoa kidogo, anaangalia saa tena. Nikajiambia Ndahani yuko kwenye chai, kama kawaida yake. Nikaandika amri ya kuwasha.

Enta.

Kimya. Skrini ikaganda. Mawasiliano yetu na kituo yanapita kwenye antena iliyofungwa juu ya tangi, na upepo ukivuma hivi antena inayumba, mtandao unakatika na kurudi utakavyo wenyewe. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa hasira, kama vile ile mashine ingesikia maumivu.

Nikaona nimpigie Bi Mektilda, mhudumu wa kituo, aniangalizie kama kuna taa yoyote inayowaka.

"Shikamoo, Bi Mektilda."

"Marahaba mwanangu. Habari za mjini? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ndahani umemwona?"

"Si huyu hapa, kaingiza mikono yote miwili humo kwenye mashine. Anasema kuna kitu kimekwama. Simu kaiacha kwenye koti."

Nikainuka kitini.

"Swichi kuu ameizima?"

"Hiyo sijui. Kasema kompyuta imekufa, haiwezi kuwasha kitu."

Haikuwa imekufa, mimi nilikuwa nimeingia ndani yake muda si mrefu. Kilichokufa ni kioo chake tu. Na amri yangu haikuwa imepotea, ilikuwa njiani, inasubiri mtandao urudi. Ukirudi tu, pampu inawaka. Nikafunga dirisha jeusi. Nilijua fika kwamba kulifunga hakurudishi kilichokwisha kutumwa, lakini nililifunga, kwa sababu mikono yangu ilitaka kufanya chochote.

"Bi Mektilda, mwambie atoe mikono! Pampu itawaka sasa hivi!"

"Unasemaje mwanangu? Upepo huku..."

"ATOE MIKONO!"

Ofisi nzima ikasimama. Nikamsikia yule mama akipiga kelele kwa Kigogo. Sikielewi Kigogo, mimi ni mtu wa Songea, lakini ile sauti niliielewa. Simu ikaanguka. Halafu nikasikia chuma kikigonga, na nyuma yake ule mngurumo wa mota ikichukua kasi.

Mngurumo tu.

Sijui nilisubiri kwa muda gani. Mhasibu alikuwa amenishika bega, nalikumbuka bega tu. Kisha mota ikanyamaza, na Bi Mektilda akaokota simu, anahema.

"Nimezima swichi. Yuko hapa, amekaa chini. Spana imerushwa mpaka ukutani."

"Mikono?"

"Anayo."

Nililia hapo hapo, mbele ya watu, na wala sikujali.

Ndahani akapewa simu. Ni kijana mpole, ana watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

"Dada, nani kawasha?"

"Ni mimi, Ndahani. Ni mimi."

"Nilidhani imekufa," akasema.

"Na mimi nilidhani uko kwenye chai."

Hakuna aliyecheka.

Alipotulia alirudi kwenye mashine, safari hii swichi ikiwa imezimwa na Bi Mektilda amesimama mbele yake kama askari. Akatoa kipande cha gunia kilichokuwa kimejiviringisha kwenye mhimili, akafunga mfuniko, akawasha kwa mkono. Mchana maji yakafika zahanati. Muuguzi alipiga kushukuru.

Bwana Kessy alitabasamu. "Si umeona? Mtambo unafanya kazi."

Nikamweleza, taratibu, kama ninavyomweleza mwanangu hesabu, kwamba tulikaribia kumkata mtu mikono tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini hakuumia," akasema.

Hilo neno ndilo lililonifanya nisiweze kula mpaka sasa.

Nikainama chini ya meza ya mhasibu, nikachomoa waya wa ile kompyuta, nikamwambia bosi hakuna atakayewasha pampu kutoka mjini mpaka awe ameongea na aliyesimama pembeni ya pampu. Alisema nimevuka mipaka na kwamba tutazungumza kwenye kikao. Sawa. Tuzungumze.

Nimebaki na jambo moja linalonisumbua kuliko bosi. Miaka yote hii nimeiwasha na kuizima ile pampu, na sijawahi kuiona ikizunguka. Ndahani mwenyewe namjua kwa sauti tu. Nakijua kikohozi chake, najua anavyosema "dada" akiwa na shida ya vipuri, lakini nikipishana naye sokoni sitamtambua.

Kesho asubuhi nakodi bodaboda mpaka kituoni, gari liwepo lisiwepo. Sijui nitamwambia nini. Pole ni neno dogo sana kwa mtu ambaye nusura umkate mikono.

Nadhani nitaanza kwa kuishika mikono yake.