Kifua Hakianuliwi

Mzee Mhando,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuongea na wewe bila kuanza hivyo.

Tangu tukuzike kwenu Kwashemshi, nachoma taka za hospitali peke yangu. Sindano, bandeji, mipira ya mikono, vyote kwenye tanuri letu lile lile. Bomba la moshi bado limepasuka pale ulipopaziba kwa udongo, na moshi bado unakwenda kwa majirani. Kabla ya kuwasha napita kwenye uzio nikiita kama ulivyonifundisha: "Jamani, anueni nguo!" Mama Zuhura ananijibu kama alivyokuwa akikujibu wewe: "Subiri basi, mzee moshi, shuka bado bichi!" Jina lako hilo nimelirithi mimi, mtu wa Songea.

Sasa sikia. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kuandika taarifa ya hospitali, namna inavyotunza mazingira na inavyoishi na watu wanaoizunguka. Itasomwa Jumamosi kwenye mkutano, wafadhili wakiwepo. Akaniuliza, "Majirani wanalalamika?" Nikasema hapana. Juzi akanisomea alichoandika: moshi hausumbui mtu.

Mzee, si kweli. Hawalalamiki kwa sababu tunawahi kuwaambia. Ule wito wetu wa adabu ndio umewanyamazisha. Nguo zinaanuliwa, lakini kifua hakianuliwi. Wewe mwenyewe ulikohoa mpaka mwisho ukisema ni vumbi la mkonge la utotoni. Labda. Mimi nilikuwa nasimama karibu yako, na sasa nakohoa, na mkonge sijawahi kukata.

Nilimfuata yule dada nikamwambia abadilishe. Akasema, "Kaka, imeshapita kwa wakubwa. Na wewe ni kibarua, angalia." Nimeangalia. Kibarua kikiota nyasi, hapa Korogwe sina ndugu, na nyumbani ni mbali. Naogopa, sikufichi. Lakini nitasimama mkutanoni niseme bomba limepasuka na moshi unaingia majumbani. Mama Zuhura ameapa atakuja na shuka lake jeupe lisilotakata tena, alitandaze mbele ya wageni.

Pumzika, Mzee wangu. Bomba jipya likisimama nitapanda Kwashemshi nikuambie mwenyewe. Jumamosi siwashi. Nitapita kwenye uzio asubuhi kama kawaida, ila sitawaita waanue nguo. Nitawaita waje.

Mwanao wa kazi,
Komba