Mtemi Aliyesubiri Kukubaliwa

Kibaoni, Mpanda

Mdogo wangu Sesilia,

Wengi hukosea wakidhani mfalme ni mtu asiyeulizwa neno. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaofungwa na sheria, kama Malkia wa Uingereza, ambaye kazi yake ya kutawala hufanywa na mawaziri. Jana hapa Upimbwe nimeona namna nyingine, na bado nimeduwaa.

Walikuwa wanamsimika mtemi mpya. Damu ya utemi anayo, lakini alikalishwa chini, juani, na kila mtu akaruhusiwa kumsema kabla hajapewa kiti. Bibi mmoja mkulima wa mpunga akamwinamia usoni.

"Wewe mvivu! Shamba la mama yako limejaa magugu, nchi nzima utaiweza? Njaa ikija utafungua ghala, au utajifungia ndani na kuku wako wa mchuzi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nitafungua, bibi."

"Sijasikia."

"Nitafungua!"

Wapiga ngoma walikuwa wanamsubiri yule bibi akubali ndipo wapige. Alimkagua toka utosini hadi nyayoni, nikaogopa atamkataa. Kisha akapiga magoti, akampigia makofi ya heshima, na umati wote ukapiga magoti. Nami mgeni nikajikuta chini.

Huko nyumbani mwanao ndiye atakayerithi kiti cha utawala cha babu yake, nawe unamfundisha kuamuru tu. Nawapenda, Mungu awatunze nyie wote. Leo hii mpeleke kwa majirani, wamweleze kasoro zake mbele yako.

Kaka yako,
Anselmi