Marahaba Inayonipalia

Mwanangu Mwanahawa,

Baba yako bado yu hai, ingawa ulinililia stendi ya Handeni kama maiti, eti kwa sababu napaliwa kila nikila.

Hapa Korogwe watafiti wa umezaji wamenipitishia mpira mwembamba puani hadi kooni, na mashine inachora kila ninapomeza. Sharti lao moja: nimeze maji kimya. Halafu wakaniketisha mlangoni! Kila anayeingia, "Shikamoo mzee." Sasa ninyamaze kama sikufunzwa adabu? "Marahaba, hujambo?" Hapo hapo napaliwa, maji yananitoka puani, mashine inachora milima yote ya Usambara.

Mwishowe daktari, binti wa rika lako, akafunga mlango. Nikamaliza glasi nzima bila kukohoa.

"Baba, koo lako zima," akasema. "Nyumbani huwa unakula wapi?"

"Barazani, kando ya njia."

Akacheka mpaka akaketi.

Basi koma kuninywesha uji kama mtoto. Nisongee bada la muhogo, uchemshe na mlenda, unitengee ndani. Na shikamoo yako, mwanangu, ishike kwanza mpaka nimeze.

Baba yako mkaidi