Ng'ombe wa Martina na Duara la Stanslaus

Nyarugusu, Geita, 9 Oktoba 2025. Mwaka na miezi miwili tangu niondoke nyumbani Samuye.

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada maana Jumamosi dalali wa ng'ombe anafika nyumbani kwangu na mimi ndiye niliyemwita. Nachimba kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la bwana Stanslaus, tumeshuka sana lakini mwamba wenye dhahabu hatujaugusa, na redio kila siku inasema bei ya dhahabu imepanda dunia nzima kwa sababu ya vita na dola kuyumba, basi Stanslaus akaniambia, "Maige, wazungu wanakimbilia dhahabu, wewe umeikalia halafu unang'ang'ania mikia ya ng'ombe?" Atanipa hisa ya duara nikileta fedha ya ng'ombe. Ng'ombe hao ni mahari tuliyopokea dada yangu Martina alipoolewa, marehemu baba aliniachia nimwozee nao mdogo wetu Ndaki, anayeoa baada ya mavuno. Nilipomweleza mke wangu kwa simu, alinijibu, "Baba Ngusa, Ndaki atapeleka kifusi ukweni?" Nikakata. Mshauri, mgongo umekwisha kwa kuchimbia wengine. Nategemea kurudi Krismasi, ila sijui nitarudi na uso gani.

Maige

Maige, marahaba, na pole kwa mgongo. Nimetafuta kwenye barua yako mahali uliposema umeona dhahabu ikitoka humo, sikupaona. Bei ya dunia inapandisha thamani ya dhahabu iliyokwisha patikana. Shimo lenu bado ni shimo. Na kama Stanslaus ana uhakika hivyo, mbona hauzi ng'ombe wake?

Tayari ujira wako unategemea dhahabu. Bei ikishuka huko nje, kibarua na hisa vitakufa pamoja. Mwenye akili hutawanya: mifugo, shamba, hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Lakini hutawanya mali yake. Hao wa Martina si mtaji wako. Ndoa yake ikivunjika, wakwe watadai ng'ombe wao; utawaonyesha duara?

Kuchoka kuchimbia wengine si kosa. Anza na ujira wako, kidogo kidogo, kwenye mfuko wa pamoja kupitia benki, uulize masharti kwanza, na usimkabidhi mtu fedha mkononi. Ila leo, kabla hujashuka, mpigie dalali asije. Kisha mpigie Mama Ngusa, maana yeye ndiye angesimama zizini Jumamosi akimzuia dalali peke yake. Krismasi urudi, ukae hadi Ndaki aoe, na uwaswage ng'ombe hao ukweni wewe mwenyewe.