Uso Mpya Kabla ya Posa

Ijumaa, 4 Julai

Nimerudi. Uso unawaka kama nimeupaka pilipili. Lakini nimefanya! Mimi Eliza, mwalimu wa chekechea hapa Mlalo, sauti ya pili kwenye kwaya, miaka thelathini na saba – nimechunwa uso Tanga kwa hiari yangu mwenyewe.

Wenyewe wanaiita pilingi. Unapakwa dawa, ngozi ya juu inakufa, inabanduka, chini inatoka mpya. Si mkorogo! Naandika hapa ili siku ya hukumu nionyeshe daftari: si mkorogo. Ni madoa tu, ya chunusi na ya jua, mashavu yote mawili.

Muuguzi, dada Hidaya, kanipa masharti mengi kuliko ya mwali. Usibandue kwa mkono. Usisugue. Maji ya baridi, sabuni laini, mafuta ya mgando. Moshi na mvuke kaa navyo mbali. Losheni ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu. Siku saba hadi kumi uso utatulia. Mimi nilisikia saba.

Maana Jumapili ya tarehe 13 Benjamini anakuja na wazee wake kuniposa. Ni mgane, fundi wa pampu za maji huko Mnazi. Tulijuana kwenye kundi la simu la wanakwaya. Mwaka mzima ni sauti tu – na sauti hiyo, Mungu wangu! Nikamtumia picha. Picha yenyewe niliipitisha kwanza kwenye app ya kulainisha uso. Akajibu: ngozi kama ya mtoto mchanga. Nikanyamaza. Kunyamaza si kusema uongo. Au ni?

Anayejua ni Zainabu peke yake, jirani yangu. Alikuwa anapeleka nyanya Tanga, nikapanda naye. Mama nimemwambia naenda kung'oa jino.

Jumamosi, 5 Julai

Jino limeniponza. Mama kanipikia uji. Asubuhi uji, mchana uji. Yeye anakula makande mbele yangu, anasema mwenye kidonda hatafuni. Jioni nimekwenda kula kwa Zainabu, nimesimama nyuma ya banda la mbuzi kama mwizi.

Uso umekaza. Unang'aa. Mama kaniangalia muda mrefu, kauliza ni jino gani hilo linalong'arisha mtu hivi. Nikashika shavu, nikaguna. Kisha nikakumbuka asubuhi nilishika la upande mwingine.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani sikwenda. Jino.

Ukungu umekaa tangu alfajiri, hata kwa Zainabu hapaonekani. Nikasema nikachume maharage shambani huku watu wako ibadani. Losheni ya jua nikaiacha kwenye kabati. Kujipaka losheni ya jua kwenye ukungu wa Mlalo mwezi wa saba ni kumwagilia bustani wakati mvua inanyesha. Jua lenyewe huku tunaliomba! Nimekaa shambani saa tatu nzima, raha mustarehe, baridi tupu.

Jumatatu, 7 Julai

Uso umevimba. Shavu la kushoto jekundu, linawasha, na pembeni mwa mdomo ngozi imeanza kukatika.

Nimempigia dada Hidaya. Kauliza: ulitoka? Nikasema kulikuwa na ukungu. Kauliza: ulipaka? Nikasema, dada, ukungu wa huku hujauona. Akasema taratibu, kama mimi ninavyosema na watoto wangu wa chekechea, kwamba ukungu unazuia macho yangu tu, miale ya jua inapita. Nimuulize mtu yeyote aliyelima milimani miaka thelathini mashavu yake yakoje.

Sikuhitaji kuuliza. Mashavu hayo ninayo.

Kataka picha. Nimemtumia, safari hii bila app. Kasema hakuna malengelenge, nashukuru Mungu. Kitambaa cha maji ya baridi, mafuta ya mgando, nisiguse, nisitoke bila losheni. Siku zitaongezeka. Kwa hiyo hata Jumapili nitakuwa bado nabanduka. Nimelia kidogo. Hata kulia kunachoma.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Nimevaa barakoa, nikasema mafua. Saa nne nikaishusha ninywe maji – mara moja tu! Zakia, katoto ka mstari wa mbele, kakanyoosha kidole, kakasema: Mwalimu, unabanduka kama ukuta wa darasa.

Darasa zima likageuka kuangalia ukuta. Kisha mimi. Kisha ukuta. Wakakubaliana.

Kufika jioni habari ilikuwa imemfikia Mama. Akaanza kusema Kishambaa kitupu, hapo ujue mambo ni mazito. Kwamba jino limepeleka sumu usoni. Kwamba wageni wanakuja Jumapili na binti yake anapukutika. Dawa ni moja tu, kujifukiza. Majani ya mkaratusi, sufuria inatokota, blanketi juu.

Mvuke! Nikaona uso wote unabaki sufuriani. Lakini kumwambia Mama ukweli ni kumwambia nimekwenda kujichubua, maana kwake pilingi na mkorogo ni mama mmoja, baba mmoja.

Nikaingia chini ya blanketi. Mfuniko sikuufunua. Nikakaa gizani dakika ishirini, nikikohoa kwa ustadi. Mama nje anasema: vuta, mwanangu, vuta! Navuta, Mama! Nilipotoka nilikuwa nimejipaka maji ya kikombe ili nionekane nimetoka jasho. Kasema tayari anaona nafuu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimebandua kipande. Kimoja. Kilikuwa kinaning'inia kidevuni tangu jana, kinanitania. Utamu wake siwezi kueleza. Kisha tone la damu. Zainabu kanipiga mkono kama anavyopigwa mtoto anayechovya kidole kwenye sukari.

Nimejitazama kwenye kioo. Paji la uso jipya, laini, kweli limependeza. Shavu la kulia nusu. La kushoto jeusi kuliko nilivyoenda Tanga. Nimekuwa kiazi kilichomenywa nusu na mtu aliyeitwa mlangoni.

Benjamini kapiga jioni. Tumecheka sana. Mpaka leo hajawahi kuomba tuonane kwa vidio, anasema kamera yake mbovu. Namshukuru Mungu kwa kamera mbovu. Nimeiangalia tena picha yake: kichwa cheusi ti, kijana kabisa kwa mtu wa miaka hamsini na moja.

Namtaka mtu huyu. Nimeandika, basi. Si kwa sababu umri umekwenda, kama wanavyosema kwenye kwaya. Kwa sababu akiuliza umeshindaje, anasubiri jibu.

Jumamosi, 12 Julai, asubuhi

Jua! Wiki nzima halikuonekana, leo limetoka kama limetumwa. Na Mama kanituma sokoni: mchele, vitunguu, iliki, vya wageni wa kesho. Barakoa inasugua shavu. Kofia haifichi kitu.

Zainabu kafungua sanduku, katoa baibui lake na nikabu. Kwanza kanikalisha chini. Hili si vazi la mchezo, kasema. Usigombane na mtu, usicheke ovyo, ukisalimiwa uitikie kama mtu aliyelelewa. Ukinitia aibu tusijuane. Nimeapa. Losheni nimepaka hata hivyo, tabaka mbili. Nimejifunza.

Jumamosi, jioni. Jikoni

Naandika haraka, maji hayajachemka. Nimeugeuzia moshi mgongo.

Sokoni nilipita kama malkia. Hakuna aliyenijua! Modesta, kiongozi wa kwaya yetu, ambaye huuza vitunguu, kanisalimia asalaam aleikum, mama, kanipimia vitunguu, na huku anamweleza mwenzake kwamba Eliza haji mazoezi kwa sababu anajichubua, uso umeharibika, na yule bwana wa Mnazi akimwona atarudi na gari lile lile. Moyo ulinipasuka. Nilikuwa na jibu, tena refu. Nikakumbuka kiapo. Nikamrudisha kwenye mizani mara tatu, kitunguu kimoja kimoja, mpaka akakoma kusengenya.

Kisha wingu likashuka, manyunyu yakaanza. Nikajibanza kwenye upenu wa duka la pembejeo. Akaja mwanamume, koti zuri, begi mkononi. Asalaam aleikum, dada, samahani, kwa mama yake mwalimu Eliza ni njia ipi?

Sauti ile!

Nikaitikia kwa sauti nzito, ya mtu mwenye kifua. Akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa: wazee wake wanakuja kesho, yeye katangulia alale nyumba ya wageni, aijue njia, asije akachelewa siku ya heshima. Nikainua macho nimtazame vizuri.

Alikuwa anachuruzika. Kutoka kwenye nywele, nyuma ya sikio mpaka kwenye kola nyeupe – mstari mweusi. Piko, rangi ya kutia nywele! Na pale manyunyu yalipopita, chini yake mvi, nyeupe safi.

Nilicheka mpaka shavu likapasuka. Bila sauti, namshukuru aliyebuni nikabu. Akauliza: nina kitu? Nikasema, kidogo, kaka. Nikampa leso yangu, ile nyeupe niliyoidarizi maua ya bluu mwenyewe. Akajifuta, akaitazama. Akasema polepole: dada, tafadhali usimwambie mtu. Nilimtumia picha ya miaka kumi iliyopita. Naogopa kesho akiniona atasema nimemdanganya.

Mimi huyu! Nikiwa nimejifunika uso mzima!

Ningesema hapo hapo. Sikusema. Akavaa kofia, akanirudishia leso yenye doa jeusi, akaomba radhi kwa kuichafua. Nikamwelekeza njia ndefu, ya kuzunguka misheni, ili nifike kwanza, nibadilike, nijifungie ndani hadi kesho. Nimefika kwanza, ndiyo. Lakini njia ndefu inapita kisimani, na kisimani alikuwepo Mama. Na Mama hamwachi mgeni kwenye mvua, hata kama siku yake ni kesho.

Sasa yuko sebuleni kwetu. Nawasikia. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, baibui bado mwilini. Nikiingia na nikabu, atajua nilimsikia yote. Nikiingia bila nikabu, ataona kiazi. Mama kaita mara mbili: Eliza, chai!

Mama anasema tuombe kwanza. Sasa anasema, baba, vua kofia, katika nyumba hii hatuombi na kofia kichwani.

Kiti kimelia.

Benjamini kasema anaumwa kichwa, baridi ya huku. Mama kasema Bwana anajua baridi ya huku, yeye ndiye aliyeileta, vua kofia.

Masikini, masikini wangu!

Maji yamechemka. Vikombe vitatu, sukari, iliki. Nikabu nimeivua, nimeikunja, ipo juu ya kabati. Uso nimeupaka mafuta mapya. Kwenye trei, kando ya kikombe chake, nimeweka leso. Si safi. Ni ile ile, yenye doa.

Mama anaita mara ya tatu. Naenda –