Vidole Vinne Begani

Jumatatu, 4 Machi
Printa imepona! Kumbe ni kipande cha karatasi tu kilikwama ndani. Nimeshukuru kwa sauti hadi mume wangu akauliza naongea na nani.

Fundi cherehani wa mtaa wa pili kanitumia kwa simu picha ya mama yake. Bibi anatimiza miaka sabini na mitano Jumapili. Anataka kadi ishirini, kila mtoto na mjukuu aandike neno lake ndani. Picha ni ya zamani, bibi akiwa msichana – shingo ndefu, macho makali. Mzuri jamani! Ila imechakaa. Nimekaa nayo kwenye kompyuta tangu asubuhi. Mikunjo nimefuta. Begani kulikuwa na madoa manne ya kahawia, nayo nimeyafuta. Safi kama sahani. Nikaihifadhi juu ya ileile ya mwanzo.

Jumanne, 5 Machi
Kukata, kubandika. Kila kadi picha mbili: moja chini, ya pili nakata umbo la bibi tu na kulipandisha kwa vipande vya sponji, ainuke kidogo. Utepe wa zambarau. Kumi na moja tayari. Gundi hadi kwenye nyusi. Mume wangu anauliza lini meza itarudi kuwa ya chakula. Nimemwambia ale amesimama.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeharibu.

Fundi kaja kuzitazama. Kashika ya kwanza, kaisogeza karibu na macho. Halafu: "Mkono uko wapi?" Mkono gani tena? "Wa baba."

Yale hayakuwa madoa. Ni vidole! Picha ilikatwa ubavuni zamani, baba akabaki vidole vinne tu begani kwa mama. Baba huyo alifariki fundi akiwa bado ananyonya, na hana picha yake nyingine. Picha yenyewe ya karatasi iliozea majini paa lilipovuja. Kwenye simu kaifuta baada ya kunitumia – imejaa. Nami ya kwenye simu yangu niliifuta pia, kwa sababu hiyohiyo!

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi
IMEPATIKANA! Nimelia, nimecheka, nimemkumbatia mume wangu na gundi yangu yote.

Kabla ya kufuta chochote huwa nachapa moja kwenye karatasi ya kawaida, nipime kama picha inakaa sawa. Kisha naitandika mezani nibandikie juu yake. Ndiko ilikokuwa, imegandia. Nimeibandua kwa mvuke wa birika, polepole, pumzi nimeibana. Matone mawili ya gundi shingoni kwa bibi, lakini vidole vyote vipo. Nimeipiga picha mara sita, nimeihifadhi sehemu tatu, nimemtumia fundi. Kapiga simu hapohapo, hata salamu hakuna: "Ndivyo vyenyewe!" Mwili mwepesi. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 10 Machi
Zote ishirini tayari, upya. Safari hii vidole nimevikata peke yake, nikavipandisha juu zaidi ya bega. Vinatupa kivuli kidogo. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi – acha nijisifu, nani anasoma?

Saa nne fundi kaja kuzichukua, tena na bibi mwenyewe! Nikamwamkia, kaitikia, kaketi, kaomba miwani yake. Kavigusa vidole kimoja kimoja.

"Mama, unamwona baba?" Fundi kauliza, kamwinamia.

"Baba yako? Baba yako ndiye aliyeikata hii picha. Kwa mkasi, wiki ileile tuliyooana."

Fundi kaiinua kadi machoni.

"Sasa huu mkono wa nani?"

Bibi kavua miwani. Kanigeukia mimi: "Mwanangu, tupikie chai."

Kwa hiyo niko jikoni, naandika huku nasubiri maji. Bibi hana hasira hata chembe. Kashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Nasikia anasema jina la mwenye mkono huo hajalitamka tangu aolewe. Kalitamka. Kacheka kidogo, kalitamka tena.

Nimechungulia. Fundi kafunika vile vidole kwa kiganja chake, hataki kukiondoa. Bibi anamwambia, taratibu, "Toa mkono, mwanangu, nikwambie."

Maji yamechemka. Sithubutu kuingia –